Gonga Nguzo Kabla Hujaketi: Namna ya Kutunza Kivuli cha Lupango



Kila mfanyakazi wa shimoni anajua sheria ya kwanza ya zamu: mtu haanzi kazi chini ya mwamba mpaka mtalimbo umeugonga. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali kama kengele. Mwamba uliolegea hujibu kwa sauti nzito, kama ngoma iliyopasuka. Tukisikia sauti hiyo tunarudi nyuma, tunaangusha jiwe lililolegea, ndipo kazi inaendelea. Hakuna anayemcheka mwenzake kwa kugonga mwamba. Anayechekwa ni yule asiyegonga.

Sasa nawauliza: nani kati yetu amewahi kugonga nguzo za kivuli cha nyumbani kwake? Nasema kile kivuli cha uani ambapo mama anachambua maharagi, wageni wanaketi, na watoto wanalala mchana. Nacho ni paa. Nacho kina watu chini yake.

Kosa langu mwenyewe

Somo hili nimelilipia, kwa hiyo nitaanza na kosa langu. Miaka michache iliyopita, mwezi wa 11, nilikuwa mapumzikoni nyumbani kwetu Uvira. Uani tulikuwa na bashi ya meta 4 kwa 5, imefungwa juu ya nguzo nne za miti. Niliifunga mimi, nikaona kazi nzuri, nikaisahau. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi bashi ilikuwa imefanya tumbo kubwa la maji katikati.

Mama watoto aliniambia, "Baba, ile bashi imebeba maji mengi." Nikamjibu kwamba nitaiangalia nikimaliza chai. Mdogo wangu, kwa nia njema, alichukua mpini wa jembe akasukuma lile tumbo kutoka chini ili maji yamwagike. Maji hayakumwagika nje. Yalikimbilia pembe moja, uzito wote ukaangukia nguzo moja, na nguzo ile ikakatika pale inapoingia udongoni. Binti yangu wa miaka 6 alikuwa ameketi hapo juu ya mkeka. Boriti ilimvunja mkono.

Leo amepona, lakini mkono wake haukunyooka kama zamani. Nilipoitazama ile nguzo, ndani ilikuwa imekwisha kuliwa na mchwa, imebaki ganda tu. Nikachukua nyundo nikagonga nguzo tatu zilizobaki. Mbili zilijibu kama ngoma. Kugonga kwenyewe hakukunichukua hata dakika mbili. Mimi, ninayefundisha wenzangu usalama kila juma, sikuwa nimezigonga hata mara moja.

Kivuli ni kinga ya afya

Mtu asiseme basi tuvunje vivuli vyote. Sisi wa pwani ya kaskazini ya ziwa Tanganyika tunavihitaji. Uvira iko karibu na mstari wa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya mwezi wa 3 na mwanzoni mwa mwezi wa 10, jua la saa sita ya mchana hupita juu kabisa ya vichwa vyetu. Mtoto mchanga, mzee, mama mwenye mimba na mgonjwa wa homa hupoteza maji ya mwili haraka wakikaa juani. Ndugu zetu waliozaliwa bila rangi ya ngozi huungua upesi na wanaweza kupata kansa ya ngozi. Kwao hao kivuli ni dawa ya kila siku.

Angalieni pia mji wetu ulivyokaa. Milima iko magharibi, ziwa liko mashariki. Jioni jua linajificha mapema nyuma ya milima, lakini asubuhi linatoka upande wa Burundi, linapita juu ya maji, na linatupiga usoni. Kwa hiyo upande wa kivuli unaotazama ziwa ndio uwe wa chini, na upande wa mlimani uwe wa juu. Hapo utazuia jua la asubuhi. Tena upepo unaotoka ziwani utakutana na ukingo wa chini, hautaingia kwa nguvu chini ya kitambaa. Angalia tu kwamba maji ya mvua hayamwagikii kwenye mlango wako wala kwenye ukuta wa jirani.

Adui wa kwanza: maji

Maji ni mazito kuliko tunavyofikiri. Lita moja ni kilo moja. Chukua tumbo la bashi lenye meta 2 kwa 2, na kina cha sentimeta 10 tu kwa wastani. Hesabu yake ni lita 400, yaani kilo 400. Ni sawa na mifuko 8 ya simenti ya kilo 50. Hakuna mzazi atakayetundika mifuko 8 ya simenti kwa kamba juu ya watoto wake. Lakini kwa maji tunafanya hivyo bila kufikiri.

Dawa yake ni mteremko. Bashi yenye urefu wa meta 4 upande wa mteremko iwe na tofauti ya meta 1 kati ya ukingo wa juu na wa chini. Iwambwe ikaze kama ngozi ya ngoma, tena ipitishiwe kamba mbili au tatu chini yake ili isilegee katikati.

Maji yakishakusanyika, usisukume kutoka chini. Kwanza ondoa watu wote. Kisha simama nje ya kivuli, upande wa chini, ulegeze polepole kamba ya pembe ile iliyo karibu na maji mpaka yamwagike. Ukiona nguzo imeinama, usiiguse kwa mkono. Ivute kwa kamba ndefu kutoka mbali, ianguke yenyewe.

Maji hayo yana ubaya mwingine. Yakikaa juu ya bashi, au katika mikunjo ya bashi iliyotupwa chini, mbu hutaga mayai humo. Katika joto letu, yai la mbu huwa mbu anayeruka baada ya siku 7 hadi 14 hivi. Kwa hiyo ukimwaga maji kila juma, unawaua kabla hawajaota mabawa. Chandarua cha usiku kina faida kubwa, lakini haifai kufuga mbu uani mchana na kuwakimbia usiku.

Na mama wengi hukinga maji ya mvua yanayotoka kwenye bashi. Yafaa kwa kufulia na kusafisha nyumba. Kwa kunywa, hapana, isipokuwa yamechemshwa au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo chake. Ndege na vumbi huchafua bashi, na sisi wa Uvira tunaijua kipindupindu tangu miaka mingi. Ugonjwa huo hauhitaji kuongezewa njia.

Adui wa pili: upepo

Bashi ni tanga. Upepo wa kilometa 70 kwa saa husukuma kila meta moja ya mraba kwa nguvu ya karibu kilo 20. Bashi ya meta 4 kwa 5 ina meta za mraba 20, kwa hiyo inavutwa kwa kilo karibu 400. Ndiyo sababu upepo unaotangulia mvua unaweza kung'oa nguzo na kuirusha kama mkuki.

Nguzo ya meta 3 iingie ardhini sentimeta 60 au zaidi, na udongo ushindiliwe pamoja na mawe. Kila nguzo ya pembeni iwe na kamba ya kuivuta nje. Kigingi kipigwe mbali na nguzo, karibu sawa na urefu wa nguzo yenyewe, na kichwa chake kiinamie nje. Kigingi kilichoinamia nguzo kitang'oka. Funga kitambaa cheupe kwenye kamba hizo ili mtu asijikwae usiku.

Matundu ya pete yakichanika, usitoboe mengine kwa msumari. Chukua kijiwe laini kama yai dogo, kiweke chini ya bashi, kunja bashi kukizunguka, na ufunge kamba shingoni mwa kile kifundo. Hakitachanika upesi. Vichwa vya nguzo navyo vivishwe kitambaa au kipande cha sandali kuukuu, visitoboe bashi.

Usifunge kamba kwenye nguzo ya umeme, wala usipitishe waya wa taa juu ya mabati au manjanja ya kivuli. Waya ukichubuka, manjanja yote yanakuwa na umeme, na mtoto akigusa nguzo ya chuma atakuwa wa kwanza kujua.

Na radi je? Wataalamu waliohesabu radi kwa satelaiti walitoa orodha mwaka 2016. Eneo la karibu na Kabare, hapa hapa Kivu ya Kusini, lilikuwa la pili duniani kwa wingi wa radi. Kivuli hakimkingi mtu na radi, hata kikiwa kizuri namna gani, wala mwembe haumkingi. Ukisikia ngurumo, watu wote waingie nyumbani, na wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Yule anayekimbilia kuikunja bashi wakati radi inapiga anaokoa kitambaa na kuhatarisha roho. Ikunjwe mapema, wingu linapoonekana, au iachwe.

Adui wa tatu: jua na mchwa

Hawa wawili hawana kelele. Jua linaikausha bashi ya plastiki mpaka inakuwa kama jani la mhindi lililokauka. Ikunje kidogo mkononi: ikilia na kutoa unga, nguvu yake imekwisha, hata kama haijatoboka. Mwaka 2020, mwezi wa 4, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba nyingi za Uvira, familia nyingi zilijikinga chini ya bashi. Kama bashi ya wakati ule bado iko juu ya uwanja wako, imekutumikia vya kutosha. Ishushe, ikafunike kuni au matofali, tafuta nyingine kwa kivuli cha watu.

Bashi nzima ioshwe kwa maji, sabuni na ufagio laini, kisha ikauke kabisa kabla ya kukunjwa. Ikikunjwa mbichi inaota ukungu na kunuka, na panya hupenda kujificha humo. Ioshwe nyumbani, isipelekwe ziwani. Anayesimama ndani ya maji kando ya ziwa saa nzima akiosha anaweza kupata kichocho.

Mchwa hula nguzo kuanzia pale mti unapoingia udongoni, mahali macho hayafiki. Ukiweza, simamisha nguzo juu ya jiwe au zege badala ya kuizika, lakini hapo ni lazima uifunge na kuitegemeza vizuri isiteleze. Ukiizika, chagua mti mgumu uliokauka, uondoe magome yake, na uvunje kila njia ya udongo ya mchwa unayoiona. Usipake dawa ya wadudu ya shambani mahali watoto wanapoegemea na kuketi.

Kivuli cha manyasi, matete au majani ya michikichi kina uzuri wake, maana kina ubaridi kuliko manjanja. Lakini kiwe na mteremko mkali, karibu nusu ya pembe mraba, maji yakimbie. Sehemu iliyooza itolewe wakati wa kiangazi, mwezi wa 7 au wa 8, si siku ya mvua ya kwanza. Manyasi yanayoning'inia chini yakatwe, na takataka zisirundikwe kando, kwa sababu panya akipata nyumba, nyoka humfuata.

Adui wa nne: moto

Mbabula haina mahali chini ya bashi wala chini ya manyasi ya chini. Cheche moja inatosha. Plastiki ikiwaka hudondoka matone ya moto, na tone likigusa ngozi linang'ang'ania hapo.

Kuna hatari nyingine ambayo wachimbaji mnaielewa upesi. Mvua inaponyesha, watu hushusha pembe zote za bashi, wanaketi ndani, na mbabula ya mkaa iko katikati yao. Mkaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Shimoni tunaiogopa gesi kama hiyo, tunahakikisha hewa inapita. Nyumbani tunaiita baridi, usingizi au uchovu. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na mbabula, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, mkamwonyeshe kwenye dispanseri.

Dakika kumi za Jumamosi

Kila Jumamosi, wakati wa salongo ya kusafisha lupango, tumia dakika 10 kwa kivuli chako. Fuata utaratibu huu:

1. Toa watu wote chini ya kivuli. Hapo ndipo ukaguzi unapoanza.
2. Tazama juu: kuna maji, tumbo, mpasuko?
3. Gonga kila nguzo kwa nyundo au jiwe, kutoka chini mpaka kifuani. Sauti kali ni nzuri. Sauti ya ngoma ni hatari.
4. Choma kisu kwenye nguzo pale inapoingia udongoni. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, nguzo hiyo ibadilishwe leo.
5. Vuta kila kamba na kila kigingi. Kamba iliyolika ibadilishwe, isiungwe.
6. Tazama waya za umeme na mahali pa mbabula.
7. Mwaga maji yote yaliyosimama, hata ya kopo na tairi.

Rudia baada ya kila dhoruba. Fanya ukaguzi mkubwa mara mbili kwa mwaka: mwezi wa 9 kabla ya mvua, na mwezi wa 5 au wa 6 kabla ya pepo za kiangazi. Usipande peke yako. Mmoja apande, mwingine ashike ngazi. Na kama baba yuko kazini, mama au kijana mkubwa anaweza kugonga nguzo vilevile. Nyundo haiulizi nani ameishika.

Ajali ikitokea

Kivuli kikimwangukia mtu, kwanza tazama kama kuna umeme. Ukiona waya, zima swichi kubwa kabla ya kumgusa. Kisha inueni mzigo pamoja. Akiwa amegongwa kichwa au shingo, msimkalishe wala kumvuta. Mshikilieni kichwa kisitikisike mpaka msaada ufike. Mkono au mguu uliovunjika usinyooshwe. Ufungeni kwa vijiti viwili na kitambaa, kama ulivyo, na kumpeleka hospitalini.

Aliyeungua na plastiki mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Plastiki iliyoganda kwenye ngozi isibanduliwe. Msipake dawa ya meno, mafuta ya mawese, wala unga. Funikeni kwa kitambaa safi na mwende kwa muuguzi.

Maswali ya kujipima

Someni pamoja jioni, watoto wajibu kwanza:

1. Tumbo la maji la meta 2 kwa 2, kina sentimeta 10, lina kilo ngapi?
2. Kwa nini hatusukumi maji ya bashi kutoka chini?
3. Nguzo mbovu inatoa sauti gani?
4. Tukisikia ngurumo tunakwenda wapi, na tunangoja dakika ngapi?
5. Kivuli chetu kiligongwa lini mara ya mwisho?

Majibu ya manne ya kwanza yamo katika ukurasa huu. La tano liko uani kwako.

Binti yangu sasa ndiye mkaguzi wa lupango letu. Kila Jumamosi anachukua nyundo ndogo kwa mkono wake mzima, anagonga nguzo moja baada ya nyingine, na hakuna anayeketi mpaka aseme, "Imelia vizuri, Baba." Wageni wengine hushangaa kungojeshwa na mtoto. Mimi hungoja pamoja nao.

Msaidizi wa afya wa kampuni